USIKU WETU NI MALI: TUPIGE PICHA NYOTA ZINAZOKUFA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ndugu msomaji, kwa heshima na taadhima naomba niwapinge wahenga kidogo tu, kwa maana nyota ninazotaka kuzizungumzia huonekana usiku wa giza, tena si kwa macho matupu bali kwa darubini na kamera. Nazo ni nyota zinazokufa. Maoni yangu, ambayo nayaleta mbele yenu walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, ni kwamba shule yetu, na kila shule ya kutwa hapa Garissa, ianze kuzipiga picha nyota hizo. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Nyota ya kiasi cha jua letu haiishi milele. Ikimaliza hidrojeni iliyo katikati yake huvimba ikawa kubwa na nyekundu, kisha huanza kujivua tabaka zake za nje kama nyoka anavyojivua gamba. Tabaka hizo ni gesi, nazo husambaa angani. Kiini kinachobaki ni kidogo lakini kina joto kali mno, na mnururisho wake huifanya ile gesi ing'ae. Wingu hilo linalong'aa ndilo wataalamu wanaloliita nebula ya kisayari. Jina lenyewe linapotosha, kwani halihusiani na sayari hata chembe. William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, aliyaona mawingu hayo katika darubini yake yakiwa ya mviringo na yamefifia kama ile sayari yake, akayapa jina hilo katika miaka ya 1780, nalo likaganda kama kupe. Hata jua letu litafikia hali hiyo, ila msiwe na wasiwasi, bado miaka bilioni 5 hivi.

Nebula ya namna hii hudumu miaka elfu kumi au elfu ishirini tu, ambayo kwa umri wa nyota ni kama kufumba na kufumbua. Baadaye gesi hutawanyika, ikibeba kaboni na nitrojeni zilizopikwa ndani ya nyota, na vitu hivyo huja kuwa sehemu ya nyota nyingine, ya ardhi, ya nyasi, ya ngamia na ya maziwa tunayokunywa asubuhi. Kwa hiyo anayepiga picha ya nebula si mtu wa kupoteza wakati. Anapiga picha ya jiko ambamo sehemu ya mwili wake ilipikwa.

Sasa basi, kwa nini Garissa? Kuna mzee mmoja, jina lake naliweka, aliyeambiwa habari ya darubini ya shule akauliza, "Mtatazama nini nayo, ngamia waliopotea?" Watu walicheka sana. Mimi najibu hivi: heshima yako mzee, lakini sisi tuna mali tatu ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanazililia.

Mali ya kwanza ni mahali tulipo. Garissa iko kusini ya ikweta kwa nusu digrii hivi. Mtu aliye London hawezi kamwe kuiona Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu aliye kusini kabisa mwa dunia hazioni nyota za kaskazini. Sisi twaziona karibu zote, kaskazini na kusini. Isitoshe, usiku wetu haubadiliki. Huko London mwezi wa Juni usiku haufikii giza kamili hata dakika moja, na wapiga picha wa nyota hukunja vifaa vyao wakasubiri Agosti. Hapa kwetu, Januari hadi Desemba, ikifika saa mbili kasorobo usiku giza limekamilika, na linabaki mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Mali ya pili ni giza lenyewe. Hata soko letu maarufu tumeliita Suuq Mugdi, na mugdi kwa Kisomali ni giza! Toka mjini kidogo kuelekea Ijara, Hulugho au Modogashe utaona Njia Nyeupe imetandazwa angani kama mkeka. Katika miji mikubwa ya dunia kuna watoto wanaozaliwa na kukua hata hawajaiona.

Mali ya tatu ni ujuzi wa wazee wetu. Wafugaji wa Kisomali walizisoma nyota kujua majira ya mvua na ya kuhama tangu zamani, na msomi Muuse Galaal aliyakusanya mengi ya maarifa hayo katika kitabu kilichotoka Mogadishu mwaka 1968. Majirani zetu Waborana wana kalenda inayofuata mwezi na nyota. Waswahili nao wana methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota lililosongamana kama kuku na vifaranga. Basi sisi si wageni wa anga. Tumeacha tu kutazama juu kwa sababu tunatazama simu.

Hebu sasa nieleze namna kazi inavyofanyika, maana asiyejua maana haambiwi maana. Jicho la mwanadamu halina subira. Nuru inayoingia leo haiwezi kuiweka akiba ya kesho. Kamera inaweza. Ukiifungua kwa sekunde 30 inakusanya nuru ya sekunde 30. Tena picha moja haitoshi, kwa sababu itakuwa imejaa chenga chenga. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hupiga picha nyingi za kitu kile kile, kisha huzirundika kwa kompyuta ziwe moja. Ukirundika picha 100, zile chenga hupungua mara 10. Ukitaka zipungue mara 20, shurti upige picha 400. Je, hii si ndiyo haba na haba hujaza kibaba? Wapo wanaokusanya saa 30 au 40 za nuru kwa nebula moja iliyofifia, usiku baada ya usiku. Programu za kurundika kama Siril na DeepSkyStacker ni za bure, na kompyuta za maabara ya shule zinaweza kuziendesha, hata kama ni polepole.

Taabu kubwa ni kwamba dunia inazunguka. Nyota huhama digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kamera ikisimama tu, nyota zitatoka kama mistari. Vifaa vya kufuata nyota vinauzwa, lakini ni ghali, na vingi vimetengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini. Huko mtu huielekeza mashine kwenye nyota ya ncha ya kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko kwenye upeo wa macho kabisa, imefunikwa na vumbi na migunga, na baadhi ya mashine hizo haziwezi hata kuinamishwa kiasi hicho. Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa.

Lakini, jamani, sikilizeni. Kuna kifaa cha mbao ambacho fundi yeyote wa Suuq Mugdi anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Chukua mbao mbili, ziunganishe kwa bawaba upande mmoja zifunguke kama kitabu. Kamera inakaa juu ya ubao wa juu. Umbali wa milimita 229 kutoka kwenye bawaba, toboa ubao wa chini upitishe bolti ya milimita 6, ile ambayo ikizungushwa mara moja husogea milimita 1. Ukiizungusha bolti hiyo mara moja kila dakika, ukifuata saa ya mkononi, ubao wa juu utainuka kwa kasi ile ile ya nyota. Baada ya dakika kumi hivi unairudisha bolti mwanzo na kuendelea. Hesabu yake ni ile ya pembetatu tunayofundishwa darasani.

Sharti lake ni moja: bawaba ilale sambamba na mhimili wa dunia. Katika nchi nyingine inabidi iinamishwe kwa pembe fulani. Hapa ikweta inalala chini, tambarare, ikielekea kaskazini kamili. Na kaskazini kamili tutaijuaje? Msomaji Mwislamu, hapa naomba utulie. Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Longitudo ya Makka ni digrii 39.8 mashariki na ya Garissa ni digrii 39.6 na kitu. Tofauti ya kibla chetu na kaskazini ya kweli haifiki nusu digrii! Maana yake ni kuwa kila mtoto wa Garissa anayejua kuelekea kibla anajua namna ya kuielekeza bawaba ya kamera. Huko kwingine watu wananunua vifaa vya kutafutia kaskazini, nasi tumeionyeshwa tangu tukiwa na miaka saba.

Na tutaanza na zipi? Chukua usiku usio na mwezi katika Septemba, saa mbili hadi saa nne. Kaskazini magharibi, karibu na nyota angavu iitwayo Vega, kuna nebula ya Pete, iliyogunduliwa mwaka 1779. Juu zaidi, upande wa kaskazini wa utosi, iko ile aliyoigundua Charles Messier mwaka 1764, ambayo Waingereza huiita Dumbbell, na hiyo ndiyo ya kwanza kugunduliwa kati ya zote za aina yake. Kusini mashariki inapanda Helix, kubwa kuliko hizo kwa sura, upana wake angani unakaribia ule wa mwezi mpevu. Kuitafuta Helix anza na nyota Fomalhaut. Wanafunzi wa madrasa watalitambua jina hilo: ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Nyosha mkono, kunja ngumi, pima ngumi moja na kidogo kutoka Fomalhaut kuelekea kaskazini magharibi, umefika. Jicho halitaona kitu. Kamera yenye lenzi ya milimita 200, ikipewa saa moja au mbili za subira, itaona. Na nuru itakayoingia humo iliondoka huko miaka 650 hivi iliyopita, katika karne ya 14, karne ile ile ambayo Ibn Battuta alizuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Mtu atauliza, wataalamu wenye darubini za mabilioni wameshapiga picha hizo, sisi tutaongeza nini? Swali zuri. Mwaka 2008 Mmarekani Dave Jurasevich, kwa darubini yenye lenzi ya milimita 160 tu, alitambua nebula ambayo darubini zote kubwa zilikuwa zimeipita bila kuiona. Sasa inaitwa Kiputo cha Sabuni. Mjerumani Marcel Drechsler na Mfaransa Xavier Strottner, ambao si maprofesa wa anga, wamegundua mawingu mengi mapya ya namna hiyo. Darubini kubwa zina foleni ya watu, haziwezi kukaa usiku kumi kwenye sehemu moja. Mtu wa kawaida mwenye subira anaweza. Sisemi kwamba mwaka ujao tutagundua kitu. Nasema mlango haujafungwa.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana ukweli usemwe.

Wako wanaosema kutazama nyota ni dhambi. Ndugu zangu, kuna falaki na kuna ramli. Anayepiga ramli hudai nyota zitamwambia nani ataoa lini. Anayesoma falaki anapima. Saa za swala zinatokana na jua, Ramadhani inaanza kwa mwezi mwandamo, na nyota nyingi angani zina majina ya Kiarabu kwa sababu Waislamu wa kale walizichunguza. Al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na ndani yake akaeleza juu ya kile kiwingu kidogo ambacho leo tunakiita Andromeda. Kwa hiyo tukishika kamera hatuendi njia ya kigeni, twarudi nyumbani.

Wako wanaosema watu wana njaa. Hili ni zito na silikwepi. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na sote tuliona mizoga barabarani. Lakini je, kuacha kusoma kungeleta mvua? Darubini ndogo pamoja na kamera iliyotumika haizidi bei ya ngamia mmoja mzima. Shule nzima ikichanga, ni kiasi cha kila mwanafunzi kukosa soda chache. Tena anayejifunza kurundika picha anajifunza hesabu, kompyuta na fizikia ya nuru. Tangu 2019 tuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 hapa nje ya mji. Nani atauendesha na kuutengeneza miaka ijayo? Kipande cha silikoni kinachogeuza jua kuwa umeme na kile kilicho ndani ya kamera ni ndugu wa tumbo moja.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma. Watu husema, usiku wa Garissa si wa kutembea. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuja kutafuta elimu kama sisi. Baada yake kukawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Nilikuwa mtoto mdogo, na tangu hapo usiku kwangu umekuwa ni kitu cha kufungiwa mlango. Mwezi wa Januari 2020 walimu waliuawa Kamuthe, na mwaka huo walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa, shule zikabaki na madawati na vitabu bila mtu wa kufundisha. Siwezi kuandika kana kwamba hayo hayakutokea. Ila nauliza: tutawaachia waliofanya hayo usiku wote uwe wao? Nusu ya maisha yetu ni usiku. Mtu akikunyang'anya usiku amekunyang'anya nusu ya umri, na anga zima juu yake. Na tukumbuke, mwalimu anaweza kuhamishwa, lakini anga haiombi uhamisho.

Kwa hiyo siombi watoto wazurure porini. Naomba mambo haya, nayo yanawezekana.

Kwanza, usiku mmoja kila mwezi, mwezi ukiwa haupo, lango la shule lifunguliwe kuanzia saa mbili hadi saa nne. Wazazi waje, mlinzi awepo, na walimu wa kike wawepo ili sisi wasichana tusibaki nyumbani tukasimuliwa na kaka zetu kesho yake. Mama yangu ameniambia kwamba mama wakialikwa watakuja, tena watakuja na chai.

Pili, tuanze na ubao wa bawaba na kamera moja. Darubini itafuata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuna kikundi cha Nairobi kiitwacho Travelling Telescope, cha Susan Murabana na Chu Owen, ambacho hupeleka darubini mashuleni. Barua ya kuwaalika ni kurasa mbili tu, na Chama cha Kiswahili kiko tayari kuiandika.

Tatu, wakuu wa kaunti wazitazame taa za mulika mwizi. Siombi zizimwe, kwani usalama ni muhimu. Naomba ziwekwe kofia ili mwanga uende chini mwizi alipo, usiende juu ambako hakuna mwizi. Umeme utapungua na nyota zitabaki.

Nne, na hili ni letu sisi wanachama, tuzipe nebula majina ya Kiswahili. Msiseme haiwezekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Hadi leo wanafizikia wa dunia nzima hulitamka neno hilo la Kiswahili. Kama Uhuru ilifika angani, Pete nayo ifike. Helix mimi napendekeza iitwe Jicho la Ngamia, kwa kuwa ni duara, lina kope, na halilali. Mwenye jina bora alete.

Sifichi kwamba vumbi litaingia kwenye lenzi, na kwamba joto letu huzidisha chenga kwenye kamera. Kutakuwa na usiku wa mawingu ambapo tutarudi nyumbani mikono mitupu. Picha yetu ya kwanza huenda ikawa doa la kijani lisilomvutia mtu asiyejua. Rangi hiyo ina kisa chake: mwaka 1864 William Huggins aliipima, watu wakadhani ni elementi mpya isiyopatikana duniani, mpaka Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni, hii hii tunayovuta puani, ila imo katika hali ya utupu mkubwa. Doa hilo la kijani litakuwa limepigwa na wanafunzi wa shule ya kutwa ya Garissa, bawaba ikiwa imeelekea kibla, katika usiku ambao watu walikuwa wametuambia si wetu.

Walimu wetu, uamuzi uko mikononi mwenu. Kalenda ya muhula wa tatu bado haijabandikwa ukutani, na Septemba ina usiku mmoja mzuri usio na mwezi. Mbao tutazitafuta wenyewe.